Kipimo Kiwe na Nukta

Wawi, Pemba
Jumamosi, Mfungo Tano

Kwa kaka yangu wa haki, Ghassan bin Hashil, Dubai.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta katika afya na utulivu, wewe, wifi yangu Wafa na watoto, na kwamba ile homa ya mdogo imeshapoa. Sisi huku tuhai, alhamdulillahi. Neno "wazima" nitaliacha kwa leo, maana sitaki kuanza barua kwa uongo. Mama anakusalimu kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia umefungwa bandeji, na sababu ya bandeji hiyo utaisoma humu. Barua nimempa Bi Nihal, anayekuja huko kwa binti yake. Nimemwapisha asimpe mtu mwingine ila wewe.

Wiki iliyopita ulipiga simu ukaniambia nikuchagulie kipimo kipya cha sukari cha baba, maana kile cha mwanzo nilikwambia hakifai. Ukanisomea aina zote zilizopo hapo dukani: kimoja kinasema kwa sauti kama mtu, kimoja kina kioo cha rangi, kimoja hakitaki damu nyingi. Kisha simu ikakatika. Mtandao haukuwa na kosa, kaka. Niliikata mimi. Baba alikuwa amekaa ubavuni mwangu, mama mlangoni, na wewe kila mara unataka spika iwekwe wazi ili usikie nyumba nzima. Kuna mambo hayasemwi spika ikiwa wazi.

Sasa nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaenda dukani, kwa sababu mguu wa baba umo ndani yake. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimeshakuwa cheusi. Daktari wa Chake kasema sukari ikikaa sawa kila siku, huenda mguu ukapona. Isipokaa, watakata chini ya goti. Mama alikwambia baba kajikwaa kisikini. Ndugu yetu Moosa naye najua alikupigia akakwambia baba kapigwa na watu wa Mmanga. Wote wawili hawakukwambia kweli, ila mama alisema uongo wa huruma.

Mzee Mmanga unamjua kuliko mimi. Ni jirani yetu wa ng'ambo ya mtaro, mwenye duka la dawa, aliyesoma Kurani chuoni pamoja na baba wakachapwa bakora moja. Binti yake Rahila ulimwacha akisuka vishungi. Siku hizi ana cheti cha famasia, na ndiye aliyekuwa akimpima baba sukari kila Ijumaa kabla ya sala. Hata uchaguzi ulipopita na watu wakaanza kutazamana kwa pembe ya jicho, sisi upande wetu na wao upande wao, baba aliendelea kukaa kwenye kiti cha duka la Mmanga akanyoosha kidole. Rahila alimwambia ana nane, au tisa, akimsihi apunguze haluwa. Baba alijibu kwamba haluwa haina chama.

Ndipo kikaja kipimo chako. Siku ile nyumba ilikuwa kama ina arusi. Kisanduku cheusi, sindano yake, kikopo cha vijiti vya kutilia damu, vyote vimepangwa kama vito. Baba akajitoboa mwenyewe, akatia tone, mashine ikasoma 148. Mama akapiga ukelele, akasema mtu mwenye sukari mia na arubaini na nane anazikwa jana. Baba akamcheka. Kaka, unakumbuka mizani ya mwisho ya kituo cha karafuu, ile ya namba za taa nyekundu, ambayo nukta yake ilikufa? Makarani wote wakaizoea. Inasoma 148, wao wanaandika kumi na nne nukta nane, na hakuna mkulima aliyewahi kudhulumika. Baba aliisoma mizani ile mpaka alipostaafu. Akatwambia mashine za kisasa nazo haziweki nukta, zinamwachia mwenye akili aiweke mwenyewe. Akaiweka. Kumi na nne nukta nane.

Sote tukaamini. Nani angembishia karani wa mizani juu ya namba? Na hapo ndipo moto ulipowashwa, kwa sababu baba aliuliza iweje mashine ya Dubai iseme kumi na nne na Rahila aseme nane. Akajijibu mwenyewe. Akasema Rahila alikuwa anampima uongo kusudi, Ijumaa kwa Ijumaa, ili sukari imle taratibu afe, na kura yake ife naye. Mama alijaribu kusema kwamba mtoto yule kamlea yeye mgongoni. Baba akampigia kelele mpaka majirani wakachungulia.

Ijumaa ile hakwenda kupimwa. Baada ya sala alisimama barazani mbele ya watu akatangaza kwamba Mmanga na kizazi chake wanauwa watu kwa dawa. Tukawasusia. Wewe uko mbali, huenda umesahau kususia kwetu kukoje. Hununui kwao hata chumvi, huitiki salamu yao, hupandi gari yao, hulishiki jeneza lao. Mama yake Mmanga alipofariki, bibi aliyetukanda sote utotoni, jeneza lake lilipita mbele ya mlango wetu limebebwa na watu wachache mno, na baba akaamrisha madirisha yafungwe. Niliyafunga. Nilisikia nyayo zao zinaburura kwa uzito.

Na mtu aliyesusiwa hana wa kumuuliza wala wa kumjibu. Swali moja tu kwa Rahila lingetosha. Hospitali ya Chake nayo si mbali, lakini baba alisema ana mashine yake, aende kufanya nini kwa watu wa serikali.

Basi akaanza kuikimbiza ile kumi na nne. Akaacha chakula cha usiku. Akaacha uji wa asubuhi. Kidonge kimoja akakifanya viwili. Mashine ikashuka mpaka 110, yeye akasoma kumi na moja, akasema bado. Siku ilipoandika 52 aliita nyumba nzima. Tano nukta mbili! Alisema hata kijana hana sukari nzuri kama ile. Alikuwa anatoka jasho kama mtu aliyenyeshewa, na mkono ulioshika mashine unatetemeka, na sisi tunampigia makofi.

Tabia yake nayo ikageuka. Alimrushia mama birika la maji ya moto kwa sababu ya kijiko. Alimpiga Moosa kwa bakora ya kutembelea mpaka ikavunjika, kisha saa moja baadaye akauliza bakora yake iko wapi. Mimi alinizaba kofi mbele ya wageni. Tukasema ni siasa. Kila kitu mwaka huu tunasema ni siasa, hata maziwa yakichacha.

Asubuhi moja alisali alfajiri, akameza vidonge vyake, akachukua panga akaenda shambani kufyeka kama ada yake. Alirudi jua limeshapanda, kanzu imemganda mwilini kwa jasho, hatujibu. Mama akampa chai, na kwa bahati ilikuwa ya wageni, ya sukari. Akalala. Mama aliona malengelenge kwenye viganja vyake akasema moyoni mzee kafyeka kwa bidii leo.

Adhuhuri Moosa alikwenda shamba, na akarudi anakimbia analia. Mikarafuu ile michanga, kaka, ile uliyoipanda wewe kabla ya kuondoka ukasema itakuwa ya wanao, yote ilikuwa imekatwa. Haikukatwa kwa kuiba, maana hakuna kilichochukuliwa. Imekatwa kwa chuki, moja baada ya moja, mingine imepigwa panga mara nyingi hata baada ya kuanguka, majani yamekatwakatwa kama mchicha. Niliiona mwenyewe. Ardhi yote inanuka karafuu mbichi.

Mtu akasema Mmanga kaonekana asubuhi ile akipita njia ya shamba letu. Na kweli alipita, ndiyo njia ya kwake. Baba aliamshwa akaambiwa. Alitoka nje kichwa wazi, hana hata kofia, akalia kwa sauti kwamba Mmanga kamkatia wajukuu zake. Kaka, nakuapia, hakuwa anaigiza.

Baada ya alasiri vijana wa upande wetu walikwenda kwake. Moosa mbele. Nilikwenda nyuma yao, na sitaki kukudanganya kwamba nilikwenda kuzuia. Nilikwenda kutazama Mmanga akipigwa, na moyo wangu ulikuwa mtamu. Walimtoa dukani kwa kumvuta ndevu. Wakamwangusha kwenye mtaro, wakampiga kwa magongo na kwa mateke, na kila akijaribu kuinuka wanamkanyaga mgongo. Alikuwa anapiga kelele neno moja tu: "Muulizeni Hashil! Kaikata yeye kwa nkono wake, nimemwona kwa macho yangu!" Neno lile ndilo lililozidisha. Mtu anakata mikarafuu yako kisha anakusingizia wewe mwenyewe! Moosa aliokota ubao wa kasha la dawa, una misumari, akampiga nao usoni. Niliisikia ile sauti. Mmanga akaacha kupiga kelele, akashika jicho lake kwa mikono miwili, na damu ikampita katikati ya vidole.

Kisha wakatia moto duka. Chupa zikawa zinapasuka ndani moja moja. Rahila aliingia mara mbili kuokoa dawa, mara ya pili baibui lake likashika moto, akatoka mikono imeungua hadi viwikoni, amekumbatia mkoba mmoja. Hakuna aliyemmwagia maji. Mimi nilikuwa na ndoo karibu yangu.

Zilipita siku chache, wakaja wa upande wao na gari, nyuso wamezifunga. Walivunja mlango wetu, wakamwaga mafuta ya taa kisimani, wakanipiga mimi kwa mpira wa maji mpaka nikakojoa. Baba walimpigisha magoti sakafuni, wakamnyoa ndevu kwa wembe mkavu. Polisi walikuja baadaye wakachukua vijana wa pande zote mbili. Moosa aliwahi kukimbilia Tumbe, akajificha kwa wachuuzi wa samaki. Baba alikuwa akisema kila siku kwamba ana mtoto mmoja tu mwanamume. Samahani, kaka, lakini alisema hivyo.

Sasa nifike kwenye mkono wa mama. Asubuhi moja baba alijipima, mashine ikaandika 43. Nne nukta tatu! Akacheka, akameza vidonge vyake viwili, akakaa kwenye msala. Mama akamwita, haitiki. Macho yako wazi lakini hayatazami mtu. Ghafla akainuka, akachukua panga, akaanza kukata mwimo wa mlango. Anakata kwa nguvu zake zote, vipande vinaruka, na anasema peke yake kwamba magugu haya mwaka huu yamezidi. Mama akamshika mkono. Baba akaligeuza panga, na mama akapasuka kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo.

Nilipiga mayowe. Wanaume walikuja mpaka uani, wakaona panga, wakarudi. Mama anamwagika damu, na dawa ya karibu iko wapi? Miguu ilinipeleka yenyewe. Nilivuka mtaro nikabisha kwa Mmanga. Alifungua mwenyewe, jicho moja limefunikwa pamba. Nilimwambia mama anakufa. Hakufunga mlango. Alisogea pembeni, Rahila akapita, mikono yake imefungwa bandeji, mkoba wake begani.

Alikuja kwa ajili ya mama. Lakini alipomwona baba, amechoka sasa, kaegemea ukuta, panga mkononi, jasho linamtiririka, Rahila alimwacha mama. Kaka, alimwendea moja kwa moja. Akamwita "ami Hashil" kama alivyokuwa akimwita zamani, akalichukua lile panga mkononi mwake kama anayepokea kikombe. Akamtoboa kidole, akatia tone kwenye mashine yake mwenyewe. Ikasoma 2.4. Akasema ile ni sukari ya mtu anayekaribia kufa. Nikamwambia haiwezekani, sasa hivi tu alikuwa na nne nukta tatu, nikamletea mashine yako, namba bado iko.

Rahila aliitazama, akaniuliza nukta iko wapi.

Nilimweleza habari ya mizani ya karafuu. Alisikiliza huku anampaka baba asali ndani ya shavu kwa kidole kilichoungua, na baba akamng'ata, na yeye hakukitoa. Kisha akanieleza. Mashine mnazouziwa huko zinahesabu kwa hesabu nyingine, si hii ya hospitali zetu. Namba yake hugawiwa kwa kumi na nane, haitiwi nukta. Mia na arubaini na nane ya siku ile ya kwanza ilikuwa nane na kidogo, sawasawa na alivyosema yeye. Na ile hamsini na mbili tuliyoipigia makofi haikufika hata tatu. Sukari ikishuka hivyo, alisema, mtu hupoteza akili, huwa mkali, hupiga, huvunja, na ikimrudi hakumbuki kitu.

Baba akaanza kurudi. Rangi ikamjia, macho yakatulia. Akauona mkono wa mama, akauona mwimo wa mlango, akauliza kwa sauti yake ya kawaida: "Nani kafanya haya? Mmanga kaingia humu ndani?"

Mama alivishika viganja vyake akavigeuza juu. Malengelenge mapya yalikuwa yameota juu ya makovu ya yale ya zamani. Kisha akanitazama mimi. Rahila alikuwa amepiga magoti anamfunga mama bandeji. Bila kuinua kichwa alisema kwamba siku ya mikarafuu baba yake alisimama njiani akaona yote, akamwita baba kwa jina, na baba hakumjua. Kikulacho ki nguoni mwako, kaka, na sisi tulikwenda kumtoa mtu jicho.

Nilimweleza baba yote mimi mwenyewe siku ya pili, alipokwisha kula. Nilitegemea atanipiga. Aliniambia niende nikaazime mashine ya Rahila. Nikaenda, Rahila akanipa. Baba akaziweka mbili mezani, akatoboa kidole kimoja, tone moja akaligawa kwa mashine zote mbili. Moja ikasoma 126, moja 7.0. Akachukua kalamu akagawa. Akafanya tena jioni, akagawa tena. Unamjua, mizani huiamini kuliko mtu. Kisha akaniuliza jicho la Mmanga lilikuwa la upande gani. Nikamwambia la kulia. Baba alilia, Ghassan. Alilia mpaka mama akanifukuza chumbani.

Ijumaa baada ya sala alisimama palepale barazani alipotangazia kususia. Watu walikuwa wengi. Akasema: "Mikarafuu nimeikata miye. Mmanga hana kosa. Jicho lake li shingoni mwangu, na wa kususiwa ni miye." Akaeleza na habari ya mashine, na nukta. Watu walimsikiliza kama anayesoma hotuba ya kigeni. Halafu mmoja akasema mzee kanunuliwa. Mwingine akasema Rahila kamlisha kitu siku ile alipoingia kwetu, watu walimwona. Mtu akatamka "msaliti," na neno hilo siku hizi halisubiri ushahidi. Walianza na vifusi, wakaja na mawe.

Baba hakukimbia. Nilikuwa upande wa wanawake, nikapenya mpaka mbele, nikapigwa la bega. Kwenye kundi lile niliona shati la bluu ninalolijua, nililolishona kola mimi. Moosa alikuwa amerudi kutoka Tumbe asubuhi ile, kasikia kwamba baba atasema. Alikuwa na jiwe la msingi, la kushika kwa mikono miwili. Baba alimwona. Walitazamana, kaka, karibu kama mimi na meza hii. Baba hakuinama wala hakuinua mkono. Moosa akalitupa, likamshukia mguuni, nikasikia kidole kinavunjika.

Hayo ndiyo yaliyonifanya niikate simu. Mama hajui ni nani aliyelitupa, na baba kanikataza kumwambia. Nimefikiri sana kwa nini Moosa kafanya vile, na naona ni jambo jepesi. Kama baba kasema kweli, basi Moosa kang'oa jicho la mtu bure. Afadhali kwake baba awe msaliti. Ninamchukia na ninamwonea huruma, na sijui lipi litashinda. Amenituma nikuhimize viza yake. Mpe au usimpe, hilo ni lako. Mimi nimekwambia tu mkono utakaoupokea huko umefanya nini.

Sasa tumesusiwa sisi. Watoto wa chekechea wamekatazwa kuja kwangu, nimefunga darasa. Mlango tunaobisha ni mmoja tu. Rahila anakuja kila asubuhi, anampima baba, anasafisha kidonda. Mzee Mmanga humsindikiza. Haingii. Husimama uani ametupa mgongo, mpaka binti yake amalize, kisha huondoka mbele yake. Baba humtolea salamu kila siku kutoka ndani. Mpaka leo Mmanga hajaitika, na baba anasema ana haki.

Basi kuhusu kipimo. Usinunue kinachosema, nyumba hii ina wasemaji wa kutosha. Usinunue cha kioo cha rangi. Nunua aina ileile ya Rahila, nimeandika jina lake kwenye kikaratasi ndani ya bahasha, kwa sababu vijiti vyake vinapatikana Unguja na yeye anajua kuviagiza. Kila mashine hula vijiti vyake tu, na vya hii yako vikiisha hapa ni kisanduku cha kuchezea watoto. Namba ziwe kubwa, macho ya baba si yale. Mwambie muuzaji akuwashie mbele yako, akupime wewe mwenyewe, na utazame kwa macho yako namba inavyoandikwa. Vijiti vya Rahila vimebaki vichache, na ni katika vile alivyoungulia mikono. Kwa hivyo kitume haraka, na ukitume kwa jina lake, Rahila binti Mmanga, si kwa letu.

Sikulaumu kwa kile cha kwanza. Ulinunua kwa mapenzi. Lakini nilipoiona mikono ya Rahila nilikulaumu kidogo, nikajilaumu na mimi, na sasa nimekwambia, yamekwisha.

Nisalimie wifi Wafa na watoto, uwabusu kwa niaba ya bibi yao. Mama anakuombea dua kila sala. Baba anakusalimu sana, na kasema nikuandikie kwamba mikarafuu yako kaikata yeye, umsamehe. Moosa hajatoa salamu. Ukijaaliwa, tuma na Bi Nihal akirudi, usingoje mwingine, mguu haungoji.

Kiwe na nukta, kaka. Itazame nukta kwanza.

Ni mimi nduguyo,
Thuraiya binti Hashil